Dereva na Kiendeshi: Maelezo ya Namna Vifaa Viunganishwavyo katika Mfumo wa Linux

Neno dereva liliingia katika Kiswahili pamoja na motokaa, likapata makao bila taabu. Wingi wake ni madereva, na upatanisho wake hufuata ngeli ya viumbe: dereva amefika, madereva wameondoka. Maana yake nayo haina utata, kwani dereva ni mtu aliyeshika usukani, ajuaye njia na kuamua lini asimame na lini aendelee. Katika miaka ya karibuni mafundi wa kompyuta wamelichukua neno hilo hilo na kuliita kwalo jambo jingine kabisa, yaani programu iiwezeshayo kompyuta kutumia kifaa kilichounganishwa nayo, kama vile kadi ya mtandao, printa au kamera. Madukani husemwa "kuweka dereva"; katika orodha za istilahi huandikwa "kusakinisha kiendeshi". Wasemao hivi na waandikao vile hudhani wametaja jambo moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika mfumo wa Linux, msemo huo mmoja huficha kazi tano zisizofanana, na kwamba mtunga istilahi asiyezitenganisha humpoteza msomaji wake, hasa yule aliye mbali na mafundi.

Ili maelezo yasielee hewani, na achukuliwe kwa mfano mwalimu wa shule aliye Lingeka, katika wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Mwalimu huyu ni wa kuwaza tu, lakini hali yake si ya kuwaza. Amepata kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumiwa na wengine. Ameiwekea Linux kwa sababu mfumo huo hautozwi ada, nao hukubali kufanya kazi katika mashine za zamani. Kioo chawaka, kibodi yaandika, sauti yasikika. Ila kompyuta haioni mtandao usio na waya. Fundi wa karibu yuko Bariadi mjini. Mwalimu anafungua maelezo ya Kiswahili, anakuta sentensi moja: "Sakinisha dereva ya kifaa chako." Afanye nini?

Kabla ya kumjibu, yafaa kueleza dereva huyo ni nini. Kompyuta ni mkusanyiko wa vifaa vilivyotengenezwa na makampuni mbalimbali, na kila kifaa kina namna yake ya kupokea amri. Programu ya kuandikia barua haiwezi kujua namna zote hizo. Kwa hiyo, kati ya programu za kawaida na vifaa hukaa programu kuu iitwayo kiini. Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na tangu hapo kimeongezwa na maelfu ya watu. Kiini hupokea maombi ya programu zote, kikayapeleka kwenye vifaa kwa kupitia kwa wajumbe wake. Kila mjumbe huijua aina fulani ya vifaa, akageuza ombi la jumla kuwa ishara ambazo kifaa hicho huzitambua. Mjumbe huyo ndiye aitwaye dereva au kiendeshi.

Msomaji wa Usukumani ana mfano ulio karibu zaidi kuliko motokaa. Shamba la pamba hulimwa kwa plau ikokotwayo na maksai. Mwenye shamba ataka mfereji unyooke. Hilo ndilo agizo lake, nalo ni lile lile kwa jozi yoyote ya maksai. Lakini awaswagaye ajua jina la kila maksai, sauti aliyozoea kuitwa nayo, na upande anaopenda kuegemea. Akija mgeni akatoa agizo lile lile kwa sauti asiyoizoea mnyama, plau haitasogea. Kiini ni mwenye shamba. Kifaa ni maksai. Kiendeshi ni yule mswagaji. Mswagaji haamui shamba lipi lilimwe. Kazi yake ni kulifikisha agizo kwa namna ieleweke.

Hapo yaonekana upungufu wa neno dereva. Dereva wa gari ndiye mwenye maamuzi, na abiria humfuata. Programu hii haiamui neno, bali hutumwa. Zaidi ya hayo, neno lenyewe huleta shida ya upatanisho wa kisarufi. Je, yasemwe "dereva amewekwa", kana kwamba ni mtu? Au "dereva imewekwa", kwa kuifuata programu? Au "dereva limewekwa", kwa kuufuata wingi wake wenye ma-? Namna zote tatu zaweza kusikika, na maandishi ya kiufundi yasiyokuwa na upatanisho mmoja huchosha macho na kutia shaka.

Neno kiendeshi halina taabu hiyo. Limeundwa kwa kitenzi enda, kikanyambuliwa kuwa endesha, kikatiwa kiambishi ki- mwanzoni na irabu -i mwishoni. Muundo huo si mgeni kwa wanasarufi, kwani ndio uliozaa kivumishi kutokana na vumisha, kiwakilishi kutokana na wakilisha, na kiunganishi kutokana na unganisha. Kiendeshi basi ni ndugu wa kiunganishi kwa umbo, na kwa bahati njema ni nduguye kwa kazi pia, maana vyote viwili husimama kati ya pande mbili ili zipate kufahamiana.

Hata hivyo neno hilo nalo lina ila. Mzizi wa endesha umekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Kompyuta yenyewe husemwa kuwa na mfumo endeshi. Programu yoyote huendeshwa. Na mahali pa kuingizia diski pameitwa na baadhi ya waandishi kiendeshi vile vile. Mwanafunzi akisoma kwamba mfumo endeshi waendesha kiendeshi cha kiendeshi cha diski, hataelewa, wala hana kosa. Dawa si kulitupa neno, bali kulihifadhia maana moja. Kiendeshi kiwe programu ya kuendeshea kifaa, na chombo cha diski kiitwe diski, au kisomeo cha diski, kadiri ya kilivyo.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi. Kusakinisha latokana na sakini, yaani kukaa au kutulia mahali. Kusakinisha ni kumfanya mtu au kitu kikae. Ni neno zuri, lakini lamfanya msomaji adhani kwamba kiendeshi ki nje, nacho chahitaji kuletwa ndani. Aliyezoea mfumo wa Windows wa miaka iliyopita ana sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa kila printa ilikuja na diski yake, na asiye na diski hakuchapa. Katika Linux mambo yako kinyume. Maandishi ya kiini cha Linux yamepita mistari milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni viendeshi. Mtu awekapo mkusanyo wa Linux, kama Debian au Ubuntu, hupewa pamoja na kiini maelfu ya viendeshi vilivyokwisha kutengenezwa. Vingi huhifadhiwa katika mafaili ya pekee yaitwayo moduli, ambayo hukaa kimya katika diski, chini ya kabrasha la "/lib/modules", mpaka yatakapohitajiwa.

Kuhitajiwa huko hutambuliwaje? Kila kifaa cha kisasa hubeba namba mbili, moja ya kampuni iliyokitengeneza na nyingine ya aina ya kifaa chenyewe, nazo huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16. Vifaa vya Intel vilivyomo ndani ya kompyuta hujitaja kwa namba 8086, ambayo ndiyo namba ya kichakataji mashuhuri cha kampuni hiyo cha mwaka 1978. Kifaa kionekanapo, kiini hutangaza namba zake. Programu iitwayo udev husikia tangazo hilo. Orodha hutazamwa ili kujua ni moduli ipi iliyojiandikisha kwa namba hizo. Kisha moduli hiyo hupakiwa katika kumbukumbu. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho, wala mtu haulizwi neno. Ndiyo sababu kioo, kibodi na sauti vya mwalimu wa Lingeka vilifanya kazi tangu siku ya kwanza, ingawa hakusakinisha kitu.

Basi kifaa kisipofanya kazi, swali la kwanza si "dereva yuko wapi?" bali ni "mwenendo huu umekatika mahali gani?" Mwalimu na aandike amri "lspci -nnk". Itamtolea orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya mashine, namba zake, na jina la moduli inayokihudumia kila kimoja. Kwa vifaa vilivyochomekwa katika tundu la USB, amri yake ni "lsusb". Kisha na aandike "dmesg", ambayo humsomea daftari la kiini, yaani yale yote kiini kilichoyaona tangu mashine ilipowashwa. Katika mikusanyo mingine amri hiyo hukubaliwa tu ikitanguliwa na "sudo", iliyo ombi la kutumia mamlaka ya msimamizi wa mashine. Majibu yake hutofautiana, na kila jibu lina kazi yake.

Yawezekana moduli ipo lakini haikupakiwa. Hapo kazi ni kuipakia tu, kwa amri "sudo modprobe" ikifuatwa na jina lake. Hakuna kitu kilichosakinishwa, aliyelala ameamshwa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Yawezekana moduli imepakiwa, lakini daftari lalalamika kwamba halikupata faili fulani. Jambo hili ndilo litokealo mara nyingi kwa kadi za mtandao usio na waya, na ndilo litakalochukuliwa kuwa limempata mwalimu wetu wa mfano. Kadi yake ni ya Intel, moduli "iwlwifi" imekwisha kuitika, lakini yatafuta faili ambalo jina lake laanza kwa neno hilo hilo na kumalizikia kwa ".ucode". Faili hilo si kiendeshi. Ni programu ifanyayo kazi ndani ya kadi yenyewe, wala si ndani ya kiini. Kwa mfano wa plau, si ujuzi wa mswagaji, bali ni mafunzo ya maksai mwenyewe. Na kwa kuwa kadi haina pa kuyahifadhi, huyasahau kila izimwapo, ikalazimu kufundishwa upya kila asubuhi. Mswagaji hodari hawezi kulima kwa maksai asiyefundishwa. Kiswahili hakina budi kuitofautisha programu hii na kiendeshi. Yaweza kuitwa, kwa maneno mepesi, programu ya ndani ya kifaa. Kuiweka mahali pake, katika kabrasha la "/lib/firmware", ndiyo kazi ya pili.

Kwa nini haikuwamo tangu mwanzo? Sababu yake ni ya sheria na itikadi. Programu nyingi za ndani ya vifaa hutolewa na makampuni bila maandishi yake ya asili, na mkusanyo wa Debian kwa miaka mingi haukuziweka katika diski zake rasmi za kusakinishia, kwa kushika kanuni ya programu huru. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kuubadili msimamo huo, na toleo la 12, lililotolewa mwezi Juni 2023, likawa la kwanza kuzibeba katika diski hizo. Mwenye diski ya toleo la 11 au la kabla yake atakutana na pengo hilo; mwenye toleo la karibuni huenda asilione kamwe.

Kwa mtu wa Lingeka pengo hilo laja na kitendawili cha kuku na yai: faili lililokosekana limo katika intaneti, na kadi ya kuendea intaneti ndiyo yalingojea faili hilo. Ziko njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kulichukua furushi la programu, mathalani "firmware-iwlwifi" la Debian, kwa kompyuta nyingine yenye mtandao, kulibeba katika diski mweko, na kulisakinisha kwa amri "sudo dpkg -i". Njia ya pili haihitaji safari. Simu nyingi za Android zaweza kuigawia kompyuta intaneti kwa waya wa USB. Na simu ikifanya hivyo hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba ni kadi ya mtandao wenye waya. Kiendeshi cha kadi za namna hiyo kimo katika kiini tangu zamani, wala hakihitaji faili jingine. Simu huwa daraja la muda. Furushi huvutwa kwa kifurushi cha simu. Mashine huzimwa na kuwashwa. Na mtandao usio na waya huonekana. Hapa kitenzi kusakinisha kimestahili kutumiwa, lakini kilichosakinishwa si dereva.

Yawezekana tena kwamba hakuna moduli iliyojiandikisha kwa namba ya kifaa. Mara nyingi sababu ni kwamba kiini ni cha zamani kuliko kifaa, na dawa yake ni kupata kiini kipya. Lakini wakati mwingine kiendeshi hakimo katika kiini chochote, ila maandishi yake yametolewa na kampuni au na watu waliojitolea. Hapo moduli haina budi kuundwa katika mashine yenyewe kwa kutumia kitafsiri cha lugha ya C pamoja na mafaili ya vichwa vya kiini kile kile kinachotumika. Amri "uname -r" humwambia mtu ni kiini cha toleo gani. Kwa kawaida moduli iliyoundwa kwa toleo moja hukataliwa na toleo jingine. Kwa sababu hiyo mtu aliyeunda moduli leo hushangaa kuona kifaa kimekufa tena baada ya kiini kubadilishwa. Programu iitwayo DKMS huiunda moduli upya kila kiini kibadilikapo. Kuunda huku ndiko kazi ya tatu, nako kwahitaji elimu na subira kuliko zile mbili za kwanza.

Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2012 hivi pana ulinzi wa uwashaji, ambao huruhusu programu zenye sahihi itambuliwayo tu. Ulinzi huo ukiwa umewashwa, kiini huweza kuikataa moduli iliyoundwa nyumbani, ingawa haina kasoro. Mwenye mashine hana budi kuitia sahihi yake, na kuiandikisha sahihi hiyo katika mashine wakati wa kuwasha. Kazi hii ya nne si ya kufanya iende, bali ni ya kuthibitisha nani ameidhinisha. Ulinzi huo una maana. Kiendeshi hufanya kazi ndani ya kiini, na kiini kina mamlaka juu ya kila kitu kilichomo. Kosa moja la kiendeshi laweza kuiangusha mashine nzima, na kiendeshi chenye nia mbaya chaweza kusoma kila siri. Kwa hiyo mtu asichukue moduli kutoka katika diski mweko asiyoijua asili yake, hata akiwa na haraka ya namna gani.

Kazi ya tano ni ya printa. Kiitwacho dereva ya printa, katika Linux, kwa kawaida hakimo katika kiini hata kidogo. Ni maelezo na vichujio vitumiwavyo na programu ya CUPS, ambavyo huugeuza ukurasa kuwa lugha ya printa ile. Printa nyingi za karibuni hujieleza zenyewe kwa njia ya mtandao, hata hazihitaji kitu hicho. Mtu atafutaye moduli ya printa kwa amri zilizotajwa juu aweza kutafuta mpaka jua lichwe.

Hizo basi ni kazi tano: kupakia moduli, kuweka programu ya ndani ya kifaa, kuunda moduli, kuitia sahihi, na kuipatia printa maelezo yake. Maelezo ya Kiswahili yasemayo "sakinisha dereva" kwa zote tano hayasemi uongo, lakini hayamfai mtu. Mwalimu wa Lingeka akiyafuata neno kwa neno ataanza kutafuta kiendeshi alichokwisha kuwa nacho, pengine aunde moduli asiyoihitaji, na mwisho wake ni kuiharibu mashine iliyokuwa na pungufu la faili moja.

Kiswahili kimekwisha kujaribiwa katika uwanja huu, nacho hakikushindwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake ziliandikwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo huhusu mambo yaonekanayo kiooni: faili, hariri, chapa, hifadhi. Kwa maneno hayo mtumiaji hujisahihisha mwenyewe, kwani akibonyeza huona matokeo. Viendeshi havionekani. Hapo msomaji hana cha kushika ila neno, na neno likiteleza naye huteleza nalo. Tena amri za kiini na maandishi ya daftari lake hubaki katika lugha yake ya asili, wala si busara kuyatafsiri, maana mashine huitambua amri kwa herufi zake. Wajibu wa Kiswahili ni kueleza kila amri yafanya nini.

Kutokana na hayo yafuata kwamba orodha ya istilahi za fani hii haitoshi ikiwa na safu mbili tu, neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Kila ingizo lataka maana fupi isemayo kitu hicho hukaa wapi na hutumwa na nani. Chini ya kiendeshi na iandikwe kwamba ni programu ya kiini igeuzayo maombi ya jumla kuwa ishara za kifaa. Chini ya programu ya ndani ya kifaa na iandikwe kwamba hufanya kazi katika kifaa chenyewe. Pakia iwe tofauti na sakinisha, na sakinisha iwe tofauti na unda. Neno dereva halina haja ya kupigwa marufuku, kwa kuwa watu wamekwisha kulizoea. Litajwe katika orodha kama jina la mazungumzo, na msomaji aelekezwe kwenye kiendeshi. Hivyo ndivyo kamusi zilivyozoea kuyatendea maneno yaliyotangulia mitaani kabla ya kufika vitabuni.

Asemaye Kiswahili Lingeka huenda alijifunza Kisukuma kwanza nyumbani, Kiswahili shuleni, na Kiingereza baadaye. Maelezo ya kiufundi yamfikiapo kwa Kiswahili, huwa yamemfikia katika lugha yake ya elimu ya kwanza, naye huyaamini. Imani hiyo ni amana kwa mtunga istilahi.